Akiba Haiozi: Je, Ni Kweli Hapa Kashuga?

Methali moja tuliisikia sisi sote tangu utoto: akiba haiozi. Wazazi waliitamka walipotukataza kumaliza chungu, na mwalimu wa shule aliiandika ubaoni. Hakuna aliyeiuliza maswali.

Lakini siku moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, kijana mmoja alibaki nyuma ya wenzake, akatuambia hivi: “Mwalimu, mnatufundisha kuweka akiba. Babu yangu aliweka ng’ombe, wakachukuliwa. Baba aliweka feza dukani, duka likaporwa. Mimi nilizaliwa kambini. Basi akiba yetu iliozea wapi? Kwa nini nisile leo nilicho nacho leo?”

Hatukumjibu siku ile, maana jibu la haraka lingekuwa la uongo. Kijana alisema kweli. Hapa kwetu akiba imeoza, tena si mara moja. Tulirudi nyumbani tukafungua kaye ya zamani ya baba yetu mzazi, tukakumbuka mambo aliyotufundisha, na mambo ambayo yeye mwenyewe alifundishwa na hasara ya baba yake. Ndiyo historia tunayotaka kuwasimulia. Si historia ya wafalme wala ya vita, ingawa vita vimo. Ni historia ya jambo dogo: mtu wa Masisi alifanyaje apate kitu cha kesho?

Vikuku vya Watembo

Kwa wasomaji walio mbali, tuseme kwanza mahali petu ni wapi. Kashuga iko katika teritwari ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, katika njia inayotoka Kitchanga na Mweso, ikapita Kalembe na kuteremka Pinga, upande wa Walikale. Huku juu tunalima maharagwe, mahindi na viazi. Huko chini, msituni, kuna michikichi na mafuta yake. Tangu zamani watu wa juu na watu wa chini wamehitajiana.

Watu wengine hufikiri kwamba wazee wetu hawakujua akiba mpaka Mzungu alipoleta feza. Sivyo. Katika karne ya 19, Watembo wanaokaa katika milima ya msitu magharibi ya ziwa Kivu walikuwa wakisuka vikuku vyembamba vya nyuzi za mimea ya msituni. Vikuku hivyo viliitwa butega. Wachuuzi walivichukua mpaka ziwani, vikavushwa kwa Wahavu na kisiwa cha Ijwi mpaka Rwanda, ambako wanawake walivivaa miguuni. Lakini havikuwa pambo tu. Katika masoko ya kandokando ya ziwa, butega zilifungwa mafungu mafungu zikahesabiwa, na kwa mafungu hayo mtu alinunua chakula, au mbuzi, na mwenye mafungu mengi hata ng’ombe.

Tazameni akili iliyomo. Maharagwe huoza na mtama huliwa na wadudu. Mtu aliyevuna zaidi ya haja yake aliweza kugeuza mavuno yanayooza kuwa butega isiyooza, na mwaka wa njaa akaigeuza tena kuwa chakula. Kikuku chenyewe hakishibishi mtu. Nguvu yake ilikuwa katika mapatano ya watu, kwamba kila mmoja atakipokea kwa sababu anajua mwenzake naye atakipokea.

Kisha ilikuja serkali ya Wabelgiji. Sheria ya mwaka 1910 iliweka kodi ya kichwa katika Kongo ya Wabelgiji, na kodi hiyo ililipwa kwa feza ya serkali. Mtoza kodi hakupokea kikuku. Na kitu kisichopokewa na mtoza kodi huanza kukataliwa na mwenye duka, kisha na jirani. Hivyo butega ilipoteza nguvu yake kidogo kidogo, na aliyekuwa ameweka mali yake humo alibaki na pambo la mguu.

Hilo ndilo funzo la kwanza la nchi yetu, nalo lilikuja bila mwalimu: feza ni mapatano, na mapatano yakibadilishwa na mwenye nguvu, mkono wako unabaki na nyuzi.

Kopo la babu

Mwaka 1950 serkali ya Kongo ya Wabelgiji iliunda sanduku la akiba la kupokea feza za watu wadogo. Ndilo linaloitwa leo CADECO. Lakini chombo kama hicho kinamfaa mtu anayekaa karibu nacho. Babu yetu alikaa Kashuga, na benki ilikuwa Goma, karibu kilometa 100 za njia ya matope. Benki yake ilikuwa kopo la maziwa ya unga, lililozikwa chini ya ghala.

Mwezi wa Juni 1967 feza mpya ilitangazwa, nayo ilipewa jina la zaire. Zaire moja ilichukua mahali pa franka 1.000 za zamani, na siku ile ilikuwa sawa na dolari mbili za Marekani. Babu aliiheshimu. Aliuza maharagwe na kahawa, akalipa kodi, akanunua chumvi na nguo, na kilichobaki alikiweka kopo. Alipenda noti kubwa kubwa, maana hazijazi kopo upesi.

Ikafika Noeli ya mwaka 1979. Siku ile ile ya tarehe 25 Desemba, serkali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimepoteza nguvu yake. Mwenye nazo alipewa siku chache tu kuzibadili benki, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Wakubwa walisema wanataka kupunguza feza iliyozidi katika nchi na kuwakomesha walanguzi. Huenda walanguzi wengine waliumia. Lakini mwenye rafiki benki alipata mlango wa nyuma. Mkulima wa mlimani hakuwa na benki, hakuwa na rafiki, na mara nyingi hakuwa na redio.

Babu alisikia habari baada ya Noeli kupita, kwa kinywa cha mchuuzi aliyekataa noti yake. Alifukua kopo, akamtuma baba yetu, aliyekuwa kijana wa miaka kama ishirini, aende Goma kwa miguu na kwa gari lolote litakalomchukua. Baba alifika akakuta muda umekwisha. Alirudi na noti zote, hata moja haikupungua, na alituambia mara nyingi kwamba njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, kwa sababu hakujua atatumia maneno gani mbele ya mzee.

Mzee hakupiga kelele. Alihesabu noti tena, kana kwamba zimebaki na thamani, akampa baba moja ya zaire 10 akasema: “Chunga hii. Siku mtoto wako akikuuliza feza ni nini, mwonyeshe.” Noti hiyo tuliiona sisi wenyewe, yenye sura ya rais Mobutu, ndani ya kitabu cha nyimbo cha baba.

Katika Injili tunasoma juu ya yule mtumishi aliyezika talenta yake ardhini, na bwana wake akamkemea. Tulipokuwa seminarini tulimdhania babu kuwa mtu wa namna hiyo. Leo tunaona tulimhukumu vibaya. Mtumishi wa Injili alizika kwa uvivu, na palikuwa na watu wa benki karibu. Babu alizika kwa sababu hakuna aliyemfungulia mlango mwingine.

Ng’ombe na vita

Baada ya hapo babu aliapa: karatasi ni ya wakubwa, ng’ombe ni wangu. Akaanza upya, na kila alichopata alikigeuza mbuzi, na mbuzi wakitosha aliwageuza ng’ombe.

Tukubali kwamba hakukosa akili. Masisi ni nchi ya majani mazuri. Tangu mwaka 1937 mpaka 1955 Wabelgiji walileta huku watu wengi kutoka Rwanda, na wafugaji waliongezeka. Kisha mashamba makubwa ya ng’ombe yalienea, na maziwa na jibini ya Masisi vikajulikana mbali. Ng’ombe hutoa maziwa, mbolea na ndama. Feza ya kopo haizai.

Na kweli, kwa miaka kumi na zaidi babu alionekana ameshinda. Karatasi ziliendelea kuoza. Katika miaka 1990 na 1991 watu wa Kinshasa walikimbilia mchezo wa feza ulioitwa Bindo: unaweka kiasi, unaahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi baada ya siku chache. Wa kwanza walilipwa kwa feza za waliofuata, na mwaka 1991 mchezo ulianguka, na maelfu ya watu wakaachwa mikono mitupu. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya ililetwa, na moja yake ilikuwa sawa na zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998 ililetwa franka ya Kongo tunayotumia hata leo, na franka moja ilichukua mahali pa zaire mpya 100.000. Fanyeni hesabu pamoja nasi: franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire 300.000.000.000 za zile zilizoanza mwaka 1967. Kopo la babu, hata kama noti zake zisingalikatazwa, lisingalinunua punje moja ya mahindi.

Lakini mali inayotembea kwa miguu yake inaweza pia kutembezwa na mwingine. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita vya jirani na jirani vikapanda mpaka Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno wa Rwanda walivuka mpaka. Mwezi wa Mei 1996 hata monasteri ya Watrapisti wa Mokoto, waliofika katika milima yetu mwaka 1954, ilishambuliwa. Watu waliokimbilia humo waliuawa, na wamonaki wakalazimika kuondoka. Katika miaka hiyo makundi ya ng’ombe ya Masisi yaliporwa, yakachinjwa, yakafukuzwa. Wote walipoteza, wa kabila hili na wa kabila lile, na hatuandiki haya kufungua vidonda.

Ng’ombe wa babu walikwenda katika wiki moja ya mwaka 1993. Sisi tulikuwa mtoto wa mgongoni, hatukumbuki kitu. Babu hakuanza mara ya tatu. Alifariki miaka michache baadaye, naye hakumwachia baba ng’ombe wala feza. Alimwachia hasara mbili, ili azichungue.

Kaye ya baba

Na baba alizichungua kweli. Alisema: “Mzee alikosa neno moja tu, nalo alilirudia mara mbili. Mara ya kwanza aliweka vyote katika karatasi. Mara ya pili aliweka vyote katika ng’ombe. Mbuzi wako wote ukiwafunga kwa kamba moja, atakayekata kamba amewachukua wote.”

Basi akanunua kaye ya shule, akapiga mistari, akaanza kuandika. Hakuwa msomi, alimaliza shule ya msingi tu. Lakini aliijua ile methali ya pili, ambayo hunenwa mara chache kuliko ya kwanza: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mavuno yakija, aliyagawa mbele yetu watoto, ili tuone, na alitaka tuseme kwa sauti kila fungu ni la kazi gani.

Fungu la kwanza lilikuwa la kula na la kulipa madeni. Baba alisema mwenye deni anayejiita mwenye akiba anajidanganya, maana anachunga mali ya mwingine.

Fungu la pili lilikuwa mbegu, na hilo lilikuwa la mama. Mama hakujua kuandika, lakini bila yeye kaye ingalikuwa bure. Alichagua maharagwe mazima, akayakausha juani, akayachanganya na majivu ya mekoni, ndipo akayafunga ndani ya chungu. Siku moja tulimwuliza kwa nini anachafua maharagwe mazuri. Akatufungulia chungu kingine, cha jirani aliyefanya haraka: fukusi walikuwa wameyatoboa yote, yakabaki maganda. Akasema: “Haiozi ikitunzwa. Isipotunzwa, inaoza kama kitu kingine.” Tangu siku ile methali ya akiba tunaisikia kwa sauti ya mama, pamoja na maneno yale aliyoiongezea.

Fungu la tatu lilikuwa la kuzaa. Hapa baba alitufundisha tofauti ya kuchunga mali na kuizalisha. Mbuzi jike huchukua mimba ya miezi mitano hivi, na mara nyingi huzaa mmoja au wawili. Baba hakuwafuga mbuzi wake wote nyumbani. Alimpa mtu mmoja jike huyu, na mwingine jike yule, katika vijiji mbalimbali, kwa mapatano ya wazee: mzao wa kwanza ni wa mwenye mbuzi, wa pili ni wa mfugaji, na hivyo hivyo kwa zamu. Kila mapatano yaliandikwa katika kaye, pamoja na majina ya mashahidi wawili. Hivyo ugonjwa au mwizi akiingia kijiji kimoja, mbuzi wa kijiji kingine walibaki.

Fungu la nne lilikuwa minervali, yaani feza ya shule. Tulipolalamika kwamba wenzetu wamenunuliwa viatu, baba alijibu kwamba kuna ghala moja ambalo hajaona askari akilivunja, akatugonga kichwani kwa kidole.

Mbuzi wawili

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tunaandika.

Mwaka 2008 vita vilitukimbiza. Tuliondoka usiku, na baba alichukua vitu vitatu: mtoto mdogo, chungu cha mbegu, na kaye. Tulikaa mbali miezi mingi. Tuliporudi, nyumba ilikuwa bila mlango na bila mabati. Mbuzi wa nyumbani hawakuwapo. Tulikuwa tumeanza seminari ndogo, na ilionekana wazi kwamba hatutarudi huko, kwa kuwa hapakuwa na cha kulipa.

Baba alifungua kaye, akaanza kwenda kwa watu aliowapa mbuzi. Mmoja alikuwa amekufa. Mwingine alikuwa amekimbia, wala hakuna aliyejua yuko wapi. Wa tatu alisema askari walikula mbuzi, na labda ndivyo ilivyokuwa. Baba alipiga mstari juu ya jina lake bila kusema neno baya.

Wa nne alikaa upande wa Kalembe. Baba hakumwendea, kwa sababu njia haikuwa salama. Jumapili moja, tukitoka kanisani, tulimwona mtu yule amesimama chini ya mti na kamba mbili mkononi, na mwisho wa kila kamba mbuzi. Alikuwa amekimbia nao msituni. Jike wa kwanza alikuwa amekufa, lakini alikuwa amezaa, na hawa wawili walikuwa zamu ya baba.

Wasomaji wapenzi, tafakarini jambo hili. Mtu huyu alikuwa amepoteza nyumba kama sisi. Watoto wake walikuwa na njaa kama sisi. Angalisema “askari waliwala,” nani angalibisha? Hapakuwa na tribunali, hapakuwa na serkali, na karatasi ya mapatano ilikuwa mkononi mwa mtu aliyekuwa mbali. Hata hivyo alitembea njia ile ya hatari kuleta mbuzi wasiokuwa wake.

Baba aliwapokea, akamrudishia mmoja papo hapo ili waanze tena. Yule mwingine aliuzwa, na feza yake ndiyo iliyoturudisha seminarini. Haya tunayoandika leo, tunaandika kwa elimu iliyolipwa na mbuzi huyo. Hatukufika kuwa padri. Mungu alituonyesha njia nyingine. Lakini kila tunapofundisha amri ya saba, yule mtu na kamba zake mbili yuko mbele ya macho yetu.

Kasha la kufuli tatu

Jambo hili si la Kashuga tu. Watu wadogo wa nchi nyingine nao waliona kwamba akiba ya mtu peke yake ni dhaifu.

Katika Kanada aliishi Mkatoliki mmoja, Alphonse Desjardins, aliyefanya kazi ya kuandika maneno ya wabunge huko Ottawa. Mwaka 1897 alisikia bungeni habari za maskini walionyonywa kwa riba isiyo na huruma. Alichunguza vyama vya akiba vya Ulaya, na tarehe 6 Desemba 1900 akaanzisha chama kimoja katika mji wake wa Lévis. Siku ya kwanza ya kupokea feza, mwezi wa Januari 1901, mtu wa kwanza aliweka senti 10, na feza yote ya siku ile haikufika dolari 27. Chama kilifuata mipaka ya parokia, na sababu yake ilikuwa ya busara: watu wa parokia moja wanajuana, na anayejulikana huona haya kutolipa. Leo chama kilichotokana na senti hizo ni mojawapo ya vyombo vikubwa vya feza katika Kanada.

Katika Afrika, mwaka 1991, shirika la CARE lilianza pamoja na wanawake wa Niger namna ya akiba isiyohitaji benki, na imefika mpaka kwetu kwa jina la AVEC. Wengi wenu mnaijua. Watu kama ishirini hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua sehemu kwa uwezo wake mbele ya wote. Feza huwekwa katika kasha lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiweze mmoja kulifungua peke yake. Wanachama hukopeshwa na kurudisha kwa faida ndogo. Huchanga pia kidogo kwa ajili ya ugonjwa na kilio. Na baada ya miezi kama kumi au kumi na miwili hugawana kila mtu kwa sehemu zake. Baba alipoliona kasha hilo kwa mara ya kwanza alicheka, akasema: “Hii ni kaye yangu. Wameiongezea kufuli.”

Lakini alitoa shauri moja ambalo tunapenda lisikike katika kila kikundi cha nchi yenye vita: kasha salama ni kasha tupu. Feza ikilala kasha, ni kopo la babu tena. Ikikopeshwa kwa mama anayenunua mafuta Pinga ayauze Mweso, au kwa mkulima anayehitaji jembe, mwizi akivunja kasha atakuta kufuli tu.

Mwanzo wa mwaka 2025, vita vilipoingia Goma, benki zilifunga milango, na hata wenye vitabu vizuri vya benki hawakuweza kupata feza yao. Watu wa mjini walionja kile ambacho babu alionja mwaka 1979. Hatusemi benki ni mbaya. Aliye karibu nayo aitumie. Tunasema kwamba anayetegemea mlango mmoja, siku ukifungwa analala nje.

Tumjibu nini kijana?

Basi tumjibu nini yule kijana wa Kipaimara?

Kwanza, tumwambie kweli: akiba inaweza kuoza. Butega ilioza, zaire ilioza, ng’ombe waliporwa. Anayemwahidi mtoto wa Kashuga kwamba atakachoweka hakika atakikuta, anamdanganya, na siku ya hasara mtoto atachukia akiba pamoja na aliyemfundisha.

Pili, tumwonyeshe kwamba wanaokula vyote leo hawakuokoka na hasara hizo. Waliingia vitani mikono mitupu, wakatoka mikono mitupu. Sisi tulitoka na chungu cha mbegu na kaye moja. Ni kidogo, lakini kutoka kwa kidogo hicho shamba lililimwa tena.

Tatu, tumwulize: katika hesabu hii yote, ni kitu gani kilichorudi chenyewe? Noti hazikurudi, wala ng’ombe. Kilichorudi ni kile baba alichoweka kwa mtu mwaminifu. Na mtu huyo hakuwa mwaminifu kwa bahati tu. Baba alimchagua, alikuwa amempa haki yake kila zamu, hakumdhulumu mzao hata mmoja kwa miaka. Uaminifu ndio majivu yanayozuia fukusi. Nao haupatikani siku ya shida. Huwekwa kidogo kidogo, kama akiba yenyewe, kila tunapolipa deni siku tuliyoahidi na kila tunapoandika hesabu ya kweli.

Nanyi wazazi, gaweni mavuno mbele ya watoto wenu. Msiwafiche hasara zenu kama aibu. Mtoto wa shule aandike kaye ya nyumba, na mzee asiyejua kusoma aisikilize ikisomwa. Waambieni mlivyokosa, ili wasirudie. Babu yetu alimpa mwanawe noti iliyokufa, na noti ile imetufundisha kuliko feza nyingi zenye nguvu.

Kijana yule tulimwita tena. Tulimwonyesha noti, kisha tukamwonyesha kaye, mahali palipoandikwa jina la mtu wa Kalembe na mashahidi wake wawili. Aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akauliza kaye mpya inauzwa bei gani.